Daktari wa Kitabu cha Babu Yako

Mujukuu wangu Neema,

Hapa kambini Rubondo tuko wazima, mihogo imekubali. Unauliza kwa nini babu yako anamusifu daktari wa kile kitabu ulichochukua kwetu, na wewe umeona ndiye anaua watu kwa amri ya waziri.

Babu hajui Kifaransa. Nilimutafsiria kitabu hicho akiwa hospitali Mbarara, na bila upasuaji asingepona. Tulipofika fasi ya sindano ya sumu, akachomoa mupira wa dawa mukononi.

"Mama Furaha," akaniuliza, "huyu daktari ni mutu wa waziri?"

Muuguzi alikuwa anakuja kumupeleka kupasuliwa. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu.

"Hapana," nikasoma. "Huyu ndiye anawaokoa."

Alinitazama sana, kisha akamunyooshea muuguzi mukono arudishe mupira.

Tafazali, kitabu kibaki kwako. Muchungaji ameanza kumufundisha babu yako Kifaransa.

Bibi yako