Manjano Kabla ya Wali

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamepokelewa posta ya Kindu, kituo cha serikali, tarehe 9 Julai 1897

Jina: Safi binti Amuri. Umri: hajui; marehemu mwanawe alizaliwa wakati wa vita vya Waarabu. Kazi: mkulima wa mpunga. Makao: Kindu, upande wa mto Kasuku.

Mimi njo mama ya Bulaimu, mutoto aliyekufa. Sikuja kulia hapa, nimekuja kusema, na karani aandike kama ninavyosema.

Mnamo tarehe 6 Julai, asubuhi, mganga muzungu aliyeshuka na mashua aligawia watoto dawa ya minyoo hapa posta. Vidonge vitamu. Nilimuuliza mkalimani, "Dawa gani hii haina uchungu?" Akanijibu, "Mama, pokea, usichoshe Bwana." Nikapokea, mutoto akala.

Adhuhuri Bulaimu alishika kanzu nyeupe ya baba yake, akasema, "Manjano, mama." Akaangalia kuku mweupe: "Manjano." Tulicheka, jamani! Tulisema tumbo limepona, anatamani wali wa manjano. Hadidja, muke mwenzangu, hana mutoto, na Bulaimu alikuwa roho yake. Aliinuka palepale akatwanga manjano, akapika.

Mutoto alikula matonge mawili tu. Macho yakageuka, meno yakashikana, mwili wote ukatetemeka. Hadidja akapiga kelele, "Degedege!" Tukamufukizia mavi ya tembo, tukamuita jina lake. Hakuitika. Alikufa alasiri, Hadidja amemupakata.

Kabla hatujamaliza kuzika, watu walikuwa wanasema: wali wa muke mwenza, sumu hiyo. Askari wakamufunga Hadidja mnyororo.

Bwana mkuu wa posta, sikiliza. Manjano ya macho, kuona kanzu nyeupe kuwa manjano, ilitangulia, wali ulifuata. Na Sudi, mutoto wa jirani, alipewa vidonge asubuhi ileile, akashikwa vilevile, na wali wetu hakuuonja. Yeye alipona. Muulizeni mama yake! Mnanipa pole, pole, na mwenzangu yuko kwenye chuma. Mutoto nimekwisha kumukosa. Huyu muke naye nimukose kwa sababu ya tonge la wali? Sina nguvu, nina kinywa tu.

Niliyoyaona njo haya, na nimesomewa nikayakubali.

Alama ya shahidi: X (hajui kuandika)

Maandishi ya mkuu wa posta: Shahidi amechanganywa na msiba. Habari ya dawa haihusu kesi. Hadidja abaki mnyororoni hadi apelekwe kwa hakimu. Watoto wote waliopewa vidonge, akiwemo Sudi, waletwe kesho asubuhi wapewe vilivyobaki.