Mayai Aliyoyaacha Askari

7 Juni

Binti yangu mkunga,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai u mzima na masomo hayakukondeshi. Mimi niko imara, na paa la shule ninaloezeka linakwenda vizuri.

Habari mbaya ni ya Askari, yule kuku wetu mkali aliyefukuza hata wageni wa heshima. Juzi kicheche kamchukua, siku ya tano tu tangu aanze kuatamia. Kaacha mayai tisa, yote yana joto. Jirani yetu fundi cherehani alitaka kuyakaanga, nikamwambia thubutu! Nimeyatafutia mahali pazuri na nimeapa nitayaangua mwenyewe. Mtaalamu wa uzazi ni wewe, nipe maarifa. Jirani ataipeleka barua hii stendi ampe dereva wa basi, kama kawaida.

Baba yako, ambaye sasa ni kuku

9 Juni

Shikamoo baba,

Mimi sijambo, ila nimecheka hadi wenzangu bwenini wakadhani nimechanganyikiwa. Wewe, ambaye hata chai unainywa umesimama, unaatamia? Haya.

Nimemuuliza mwalimu mmoja anayefuga. Joto liwe kama la mwili wa binadamu, lizidi kidogo tu. Kila yai lichore alama upande mmoja, uyageuze angalau mara tatu kwa siku. Kitambaa kibichi kiwe karibu, hewa isikauke. Baada ya wiki yamulike kwa tochi. Yenye mishipa myekundu yana uhai. Siku tatu za mwisho usiyaguse, kifaranga anajiweka sawa kama mtoto anavyogeuza kichwa. Yataanguliwa tarehe 22, siku moja kabla ya mtihani wangu wa mwisho. Nikiukosa huo narudia mwaka mzima, kwa hiyo tuombeane.

Binti yako

15 Juni

Marahaba mwanangu,

Mimi mzima, sijui wewe. Nayageuza alfajiri, saa nne, saa saba, saa kumi na kabla ya kulala, na sijakosa hata mara moja. Tochi imeonyesha mawili hayana kitu. Saba yana mishipa, na ndani ya moja niliona kitu kinarukaruka. Bovu moja lilinipasukia kifuani jana, shati linanuka mpaka jirani kagoma kuingia. Paa? Paa lipo.

Baba yako

17 Juni

Shikamoo baba,

Hali yako nitakuuliza hapa chini, maana safari hii nataka jibu.

Nimeisoma barua yako mara nne. Saa nne na saa saba wewe huwa uko juu ya paa; nani aliyageuza? Na yai linampasukiaje mtu kifuani? Nikazitoa barua zako zote tangu mwezi wa tano. Zote umeandika kwa penseli. Wodini kwetu akina mama waliopasuliwa huandika wakiwa wamelala chali, na kalamu ya wino ikielekezwa juu hukataa. Ndiyo maana hutuomba penseli.

Baba, uko kitandani. Tangu lini? Umevunjika nini? Nimekaa sakafuni hapa bwenini, siamini kwamba muda wote huu mimi nacheka na wewe umelala. Niambie kweli, na uniambie kama unaweza kusimama. Barua yako isipofika kwa basi linalotoka huko saa sita mchana tarehe 22, mtihani nauacha, kesho yake asubuhi napanda basi kuja nyumbani.

Binti yako, uliyemdanganya

22 Juni

Binti yangu,

Mimi si mzima. Nilianguka kutoka kwenye paa la shule mwezi wa nne, mfupa wa paja ukavunjika, wakanitia chuma. Nilikuficha kwa sababu nakujua, ungeacha masomo. Nisamehe.

Lakini baya zaidi ni hili. Mfupa umeunga. Daktari alisema tangu mwanzo wa mwezi huu nishike magongo nisimame, nikakataa. Miaka thelathini natembea juu ya mapaa, leo naogopa sakafu ya chumba changu. Mayai yakanipa kisingizio: nikiinuka, nani atayapa joto? Hata daktari nilimjibu hivyohivyo.

Siku nne naandika na kuchana. Leo nikamwita jirani aje achukue barua. Kimya. Ndipo nikakumbuka ana msiba, harudi mpaka kesho. Ilikuwa saa nne na nusu. Moyo ulinipasuka, mwanangu. Niliona wazi kwamba mimi ndiye ninayekunyang'anya ukunga wako, nami nimelala tu. Na chini ya blanketi kelele tupu: watano wameshatoka na kukauka, mayai mawili yanagongwa kwa ndani.

Sikuweza kuwaacha wapoe. Nimewatia wote ndani ya shati, yale mawili nimeyafunga kitambaani, nikashika magongo. Kizingitini nililia kama mtoto, sikufichi. Mwendo wa dakika kumi nimeutembea saa nzima. Sasa niko kwenye benchi la stendi naandika, na abiria wanauliza nani analia ndani ya shati la mzee.

Dereva anapiga honi. Usije. Kesho kaa kwenye kiti chako uandike. Namna ya kurudi nyumbani bado siijui, miguu imegoma, ila hilo haliko kwenye mtihani wako.

Baba yako, anayesimama sasa hivi kumpa dereva barua hii