Miaka Saba Niliyoipunguza

Ijumaa, 11 Oktoba

Kesho mbio za wakongwe. Maili mbili na nusu za mfereji, mashua ya watu wanne, na mimi kwenye kiti cha mwendo, ambacho wengine hufuata kasi yake, uso kwa uso na Maureen anayeshika usukani. Kiti changu hicho, mwaka wa kumi na nane huu. Gloucester nzima hakuna mzee anayevuta kasia kama mimi. Nimepakua mbao bandarini tangu nina miaka kumi na mitano. Clem, mvutaji mwenzangu, analalamika bega. Clem hulalamika hata uji ukiwa moto. Nimempa mafuta yangu ya kuchua, yale ya farasi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Tumeshindwa. Kwa sekunde tano.

Tulianza vizuri. Kwenye daraja Maureen akasema, "Walt, punguza, wenzako wanakufa huko nyuma." Sikupunguza. Kupunguza ni kwa watu wa Evesham, wapinzani wetu. Mbele kidogo, penye boti za wanaoishi majini, kasia la Clem likanasa majini, mpini ukampiga kifuani, mashua ikalala upande. Mama mmoja juu ya boti yake, kikombe mkononi: "Wazee, nyumbani hamna televisheni?" Ivor, nahodha wetu, akamjibu imeharibika.

Hata hivyo kwa muda halisi tuliwashinda Evesham. Halafu ikaja hesabu ya umri. Kila mashua hupunguziwa sekunde kwa wastani wa miaka ya wavutaji, na wao wastani wao ni sitini na tisa. Sisi sitini na nne na ushee. "Mngefika sitini na tano tu mngeingia kundi la juu," Maureen akasema, "kombe lingekuwa letu. Leo ndiyo mara ya kwanza nasikitika nyie si wazee zaidi."

Wote wakacheka. Mimi nilikunywa chai yangu.

Jumapili, 13 Oktoba

Klabuni nimeandikwa sitini na nne. Nina sabini na moja.

Nilipunguza saba siku ya kujiunga. Kwetu ukifika sabini unatumwa kwa daktari, na daktari akitikisa kichwa basi, unapewa birika la chai ukae ukingoni. Percy wa klabu yetu alikuwa simba wa kasia. Sasa anapaka siagi mikate.

Nimehesabu kwa vidole, kisha kwa penseli. Kwa miaka yangu ya kweli wastani ni sitini na sita na nusu. Kombe ni letu. Nimehesabu tena. Ni letu.

Jumanne, 15 Oktoba

Mkutano. Ivor kasema Clem atoke. Bega bovu, kasia limenasa, kombe limekwenda. Clem hakubisha. "Haki yenu," akasema, akaikunja jezi yake taratibu, kama anayeirudisha dukani.

Clem huyu alibeba jeneza la Joyce, mke wangu.

Nikafungua mdomo. Nikasema kosa lilikuwa la upepo.

"Upepo gani, mzee?" Ivor akasema. "Bendera ilikuwa imelala kama wewe kwenye mikutano."

Maureen akakumbusha kwamba fomu ya mbio ikiwa na kosa hurekebishwa na matokeo yakahesabiwa upya, mwisho kesho saa sita mchana. Sijui kama aliniangalia mimi au saa ya ukutani. Iko nyuma yangu.

Jumatano, 16 Oktoba

Saa tano na robo asubuhi. Cheti cha kuzaliwa kiko mezani, kilikuwa kwenye bati la biskuti la Joyce. 1948. Mwandiko mzuri, hausomeki vingine.

Nguvu ninazo. Jana nimebeba magunia mawili ya makaa bila kupumzika. Nimepumzika mara moja tu.

Nimevaa koti. Nimevua.

Clem amepita na baiskeli. Hakubisha hodi. Kaacha mlangoni chupa ya mafuta ya farasi, nusu yake imebaki, na karatasi: Asante, Walt. Jumamosi mazoezini ukimsikia Maureen anasema punguza, punguza. Atakayekaa kwangu hajakuzoea.

Saa tano na nusu. Klabu ni dakika ishirini kwa miguu, kwa miguu yangu kumi na tano. Nimevaa koti tena. Cheti kiko mfukoni.

Kiatu kimoja hakionekani.