Kibuyu Juu ya Mlango

Jumatatu, 12 Agosti 1996

Shivachi bado ana msumeno wangu. Wiki ya pili! Seremala mzima, jirani wa ukuta kwa ukuta, ana yake mitatu, wangu wa kukatia chuma anautakia nini? Leo amenisalimia meno yote nje. Mtu hakuchekei hivyo bure. Nikamwambia mbele ya watu pale mferejini: wacha tu, kitu changu kinajua njia ya kurudi. Nalianya wa mitumba akaondoka na ndoo nusu.

Raha niliyosikia! Nisijidanganye, hapa hakuna anayesoma. Kule Gatwekera niliibiwa mara tatu, mpaka mkasi wa bati. Nilipohamia Kabiro nikatundika kibuyu juu ya mlango, basi. Sikusema neno. Mkamba, na kibuyu — wakamalizia wenyewe: huyo ana kamuti, uchawi wa kwao, ukigusa chake unavimba. Ndani ni maji ya mfereji! Miaka minne sasa, hata msumari haujapotea. Hakuna anayekula kwangu, lakini bati zangu zipo.

Mama akisikia huko Machakos, na vile yeye ni mzee wa kanisa, atanichapa na hizi ndevu zangu.

Jumatano, 14 Agosti

Msumeno uko mlangoni, umefungwa kwa gazeti. Nani ameuleta? Hakuna anayesema. Wananichungulia tu kwa pazia.

Nalianya ndiye ameniambia, akiwa mbali hatua kumi: Shivachi amedungwa na msumari wenye kutu, mkono umevimba hadi kiwiko. Anaapa ni mimi. Kisha Nderitu, landlodi wetu, ameniita mzee. Nina miaka thelathini na moja! Na nimependa. Hiyo ndiyo inanitia wasiwasi.

Alhamisi, 15 Agosti

Immaculate, bibi ya Shivachi, amekuja na kuku kwapani. Amepiga magoti kwenye vumbi la bati. Ati nimfungue mume wake. Nikamwambia, mama, huo ni msumari, mpeleke hospitali leo. Akasema mume amekataa, ati daktari hajui vitu vya Ukambani. Ameniachia kuku, akaenda kinyumenyume akilia. Hataki kunipa mgongo.

Sijafanya kazi. Nawaza — siku ile mferejini nilikuwa na hasira kweli. Nilimtakia kitu? Moyoni nilisema nini? Sikumbuki! Sasa najishuku mwenyewe. Mimi Mutie, mtu wa kupima bati na kukunja masanduku ya shule, nimekaa hapa nachunguza mikono yangu.

Ijumaa, 16 Agosti

Naandikia kwenye benchi ya hospitali, kwa daftari la vipimo.

Asubuhi nimeshusha kibuyu, nikaenda kwa Shivachi. Ploti nzima ikanifuata, lakini kwa mbali. Mkono wake umekuwa mweusi, unanuka. Nikasema kwa sauti: sina kamuti. Sijawahi kuwa nayo. Mliogopa, nikawaacha muogope kwa sababu ilinifaa. Uwongo ni wangu. Nikanywa yale maji yote mbele yao, na utelezi wake, nikapasua kibuyu sakafuni.

Nalianya akasema: ameimeza, sasa iko ndani yake. Mungu wangu!

Shivachi akasema kwa sauti ndogo, kama hunifungui, niache nife kwangu. Na ilikuwa rahisi! Nimtemee mate, nitaje hata siku za wiki kwa Kikamba, angeinuka aende hospitali kwa miguu yake. Nami ningebaki mganga wa Kabiro mpaka nizikwe. Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua.

Nikasema: sikufungui, nakubeba. Alipiga kelele nilipomshika. Hakuna aliyesaidia ila Immaculate, ameshika miguu, uso kando. Tumepita mtaa wa Satellite hivyo, watu wanatuachia njia.

Wamemwingiza ndani kitambo. Daktari amesema mkono labda utakatwa, labda hata hivyo tumechelewa. Immaculate amekaa mwisho kabisa wa benchi. Ananiangalia nikiandika. Bila shaka anafikiri ni uchawi naandika.

Nalianya amefika sasa hivi, anahema. Mlango wangu umevunjwa, mchana kweupe! Bati, nyundo, masanduku manne yaliyokuwa tayari. Wamebeba kila kitu, wakicheka, ati.

Wameniamini! Nimecheka mpaka nesi akaniangalia vibaya. Kisha nikalia, sikatai — miaka minne ya kazi. Immaculate akamuuliza Nalianya, hawakuogopa? Hata kidogo, akasema.

Immaculate ameinuka sasa. Amekuja kukaa huku upande wangu, bega lake karibu liguse langu. Daktari bado hajatoka.