Mdau wa Mazishi

Dada,

Wifi yako amekufa. Tumeshamzika, majani yameota juu. Najua hukuambiwa. Mimi nilikuwa najua umeambiwa ukakataa kuja. Juzi ndiyo nimejua hukuambiwa. Kaa chini usome.

Salamu sasa. Hujambo? Mguu umepona? Tajiri wako na wale watoto unaowalea hawajambo? Mimi mwili mzima, nakula, nalala kidogo. Barua anakuletea dereva wa lori la saruji, yule mwenye mwanya. Simu sitaki. Namba ya tajiri wako anayo mdogo wetu peke yake, na kwake siombi hata maji ya kunywa.

Kilichomuua ni kifua. Alianza kukohoa wakati wa baridi, akasema ni vumbi la kufagia soko. Akaacha kufagia, kikohozi hakikuacha. Hospitali walimtoa maji kwenye pafu, yakarudi. Mwishoni nilikuwa nambeba kumpeleka chooni kama nimebeba karai tupu. Lakini akili yake nzima, na mdomo wake mzima. Daktari alimwambia apumue taratibu. Akamjibu kwamba angekuwa na pumzi ya kupumua taratibu wasingejuana.

Siku hiyo mdogo wetu, Injinia, alikuwepo, amekuja kumwona. Wifi yako akatuambia wote wawili, akifa asivalishwe na mtu ila wifi. Alisema wewe ndiye ulimvalisha siku ya harusi, ukamfunga kilemba hakikulegea mpaka kesho yake, na hataki kwenda kwa Mungu amefungwa ovyo. Tukacheka. Akasema hatanii, msubirini. Mimi nikasema tutamsubiri. Injinia akasema shemeji, hilo limeeleweka.

Unajua yule alivyokuja kwetu. Mama alipokufa alikuja na begi la shule na kaptura moja. Sisi hatukujaliwa, basi yeye ndiye akawa mtoto. Wifi yako alimfulia, alimpigia pasi, alimchapa. Alipopata digrii ya mitambo, wifi yako aliitangaza sokoni mpaka wauza vitunguu wakawa wanamkwepa. Kisha akaingia hii shule ya juu yake. Wanachanganya uinjinia wenyewe, ule mgumu, na mambo ya uongozi. Alinieleza kwamba kwanza alisoma kuendesha mashine, sasa anasoma kuendesha watu wanaoendesha mashine. Nikamuuliza yeye anaendeshwa na nani. Akasema kaka una maneno.

Wifi yako alikufa asubuhi, nimetoka kuchota maji. Injinia alifika majirani hawajajaa. Akanishika bega, akasema nisiwe na wasiwasi, kila kitu atasimamia yeye. Nikamwambia kimoja tu, mpigie dada. Akatoka nje na simu. Aliporudi akasema amekupata, umesema una kazi huwezi kuondoka, endeleeni tu. Nikamwambia rudia. Akarudia vilevile. Endeleeni tu.

Basi tukaendelea. Dada, mazishi kama yale hujaona. Alibandika karatasi ukutani kubwa kama shuka, mistari na rangi. Kamati ya maji, kamati ya viti, kamati ya magari, kila mtu na utepe wake mkononi. Shangazi akaambiwa maombolezo ni baada ya hotuba. Akamwambia yeye alianza kuzika watu Injinia hajazaliwa, na hajawahi kulia kwa ratiba. Akalia hapo hapo, kwa makusudi, mpaka wa kamati ya viti akaanguka na viti. Nikauliza mimi nashika nini. Injinia akasema mimi nipumzike, mimi ni mdau. Nikamuuliza fundi viatu, jirani yangu, mdau ni nani. Akasema ni mwenye jambo ambaye haruhusiwi kuligusa.

Nilitaka nimchimbie mwenyewe. Maisha yangu yote nachimba, misingi ya watu, mitaro ya watu. Nikachukua sururu nikaenda. Nikakuta katapila dogo, shimo limeisha, dereva anakunywa chai. Injinia ameliazima kwa rafiki yake aliyesoma naye. Watu wanalipiga picha. Nikarudi na sururu yangu begani kama mtu aliyekosa kibarua.

Kumvalisha walimvalisha wanawake wa mochwari, wana glavu. Kilemba kilikaa kama kitambaa cha kufunikia ndoo. Nilitaka kukifungua, nikaambiwa muda umekwisha. Mpaka jeneza linafungwa nilikuwa naangalia njia. Nilijisemea dada yangu namjua, huyu anasema hawezi halafu anatokea. Hukutokea. Tukamaliza kabla ya wakati. Watu wakampa Injinia hongera, mimi wakanipa pole.

Sasa sikiliza ya juzi. Injinia alikuja akasema anamaliza shule, ana kazi ya mwisho ya kuonyesha mbele ya walimu, na mimi ndiye mgeni wake. Nikaoga, nikavaa shati la mazishi, lingine sina. Chumba cha baridi, viti vina magurudumu. Changu kilinikimbia, nusura nikae chini, vijana wakatazama pembeni wasicheke. Nilijua ataonyesha pampu. Mwaka mzima alikuwa anahangaika na pampu ya kiwanda, wifi yako alikuwa anaiombea hadi pampu. Kumbe pampu ilimshinda. Taa zikazimwa, ukutani ikatokea picha ya jeneza la mke wangu, halijafungwa.

Ndiyo hiyo kazi yake ya mwisho. Huko kwao lazima mwanafunzi asimamie jambo la kweli tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha alieleze. Yeye akaeleza mazishi. Likaja katapila. Likaja lile likaratasi la rangi. Akaja shangazi mdomo wazi, mwalimu mmoja akauliza huyu mama yuko kamati gani. Mimi nimekaa. Nilifikiri nina huzuni. Nikajikuta nahesabu makosa ya kile kilemba, maana sasa kilikuwa kikubwa kama mlango.

Halafu mwalimu mkuu wao, mama wa miwani, akamuuliza hatari kubwa ya kazi hii ilikuwa nini na aliikabili vipi. Injinia akasema hatari kubwa ilikuwa dada.

Alisema hivyo. Akasema dada yuko mbali na anasikilizwa na mfiwa. Angejua, mfiwa angeng'ang'ania asubiriwe, na ratiba yote ingekufa. Kwa hiyo akaamua dada asijulishwe kwanza, na mfiwa aambiwe dada ametoa ruhusa. Hakushusha sauti. Mimi niko mstari wa mbele. Nafikiri mtu akishakuita mdau anasahau una masikio. Wenzake wakaandika. Yule mama akasema ulikuwa uamuzi mgumu, akanigeukia, akauliza kama mfiwa niliridhika na kazi.

Nikasimama. Sikumjibu yeye. Nilimuuliza Injinia, endeleeni tu alisema nani. Akasema kaka tutazungumza nje. Nikauliza tena. Akaanza kukunja nyaya zake. Nikatoka.

Akanifuata uani anakimbia. Akasema alifanya kwa ajili yangu, nilikuwa nimechoka, na marehemu hajui nani kamvalisha. Nikamwambia shemeji yako aliomba kitu kimoja, na ulisema limeeleweka. Akainamisha kichwa. Nikafikiri sasa analia. Akaniomba nirudi ndani niseme niliridhika, kwa sababu bila neno la mfiwa maksi hazikamiliki, na kiwanda kinamsubiri aje na cheti. Sikumpiga. Wifi yako alishamchapa vya kutosha na haikusaidia.

Sasa la kwangu, dada, na hili ndilo linalonifanya niandike. Ile sweta ya sufu uliyomtumia mgonjwa ilifika. Dereva, asiyejua msiba, aliiacha stoo kazini kwangu, wifi yako ameshazikwa. Nikasema umetuma sweta kujisafisha. Sikujiuliza ni mtu gani anamtumia maiti sweta. Nilimpa fundi viatu afutie rangi ya viatu. Ameifutia, imeisha. Dereva aliporudi kuuliza jibu nikamwambia akwambie hakuna jibu. Na kwa watu nilisema sina dada. Nilisema sokoni, nilisema kazini, nilisema juu ya kaburi lake pia, naye akanisikia nakutukana. Wewe huko ulikuwa unamhesabu mzima. Hilo hakulifanya Injinia. Nililifanya mimi.

Kumvalisha haiwezekani tena. Ukija nitakupeleka ulione kaburi, basi. Usipotaka kuniona, shangazi anapajua.

Injinia ametuma watu. Anataka kikao cha suluhu, ameshapanga na ajenda. Wewe ndiye mkubwa wetu, ukimsamehe ni wako. Mimi bado. Yule mwalimu amesema anasubiri neno la mfiwa. Na asubiri. Mke wangu hakusubiriwa.

Wape salamu hao watoto, na tajiri, mwambie nashukuru akikupa ruhusa. Shangazi anakusalimu, anasema ukija ulie utakavyo. Fundi viatu naye anakusalimu, anaona haya kwa sweta.

Tangu siku ile ya shuleni sijashika koleo. Msimamizi ametuma mtu kuuliza kama nimekufa na mimi. Kesho narudi kazini.

Ni mimi mdogo wako, ninayekufuata.