Raketi Yako Kapewa Skola

Filo, mwenzangu,

Kesho tunapanda basi kwenda Dar, na nisipokwambia wewe sijui nimwambie nani.

Tulianua matanga Jumamosi. Shangazi yako alikuja kutoka Masagati kugawa vitu vyako. Kanga ziliisha, sufuria zikaisha, ikabaki raketi yako ya tenisi. Akaishika kama mwiko, akauliza, "Na hiki nacho cha nani?" Mimi nilishaanza kunyoosha mkono, aibu yangu. Akampa mdogo wako Skola. "Anayechukua jembe la marehemu achukue na shamba lake. Hayo mashindano ya Dar utacheza wewe na Tekla." Wazee wakaitikia. Nani angebisha?

Skola, Filo! Huyu huyu ambaye akianzisha mpira, kuku wa jirani wanakimbia. Na haya ndiyo mashindano tuliyoyaota tangu tulipokuwa tukiwaokotea mabwana wa shamba la miwa mipira yao pale Kidatu: wachezaji wa kulipwa, wanawake wawili wawili, na nafasi ya jozi moja tu ya wenyeji. Tumepangiwa kuanza na Wazimbabwe wawili ambao hawana kazi nyingine duniani ila tenisi.

Sasa nikuungamie. Ulikuwa hujamaliza hata wiki kaburini nilipoandika Dar kwamba nitacheza na Helena wa Morogoro, yule mrefu aliyetufunga mara mbili. Nilitaka kushinda. Siku ya kuanua matanga nililia kweli, lakini barua ilikuwa imeshatumwa. Basi nikanyamaza, na kila jioni nikawa naenda na Skola kufanya mazoezi uwanja wa misheni, huku najua jina lake halipo.

Jana mpira ukapita katikati yetu. Akautazama tu, ukaenda. Nikamfokea. Akasema polepole, "Dada aliniambia kule hospitali, mipira ya katikati nikuachie wewe. Alisema ukiipiga unacheka kwa raha."

Filo. Miaka yote ile nilikuita mvivu mbele za watu kwa sababu ya mipira hiyo hiyo uliyokuwa ukiniachia. Ukawa unanitazama tu. Kwa nini hukusema? Niliketi chini pale pale, nikalia mpaka Skola akaogopa.

Leo nimekwenda posta nikapiga simu Dar. Nimeomba wamfute Helena, wamwandike Skolastika. Bwana wa mashindano kasema muda umepita, ataulizia, twende tu, tutajua huko huko. Helena mwenyewe sijamwambia bado. Naogopa watatukatalia mlangoni. Wakitukubali, naogopa zaidi, maana watu watatucheka.

Pumzika, Filo. Nisamehe ile barua, na huo uvivu niliokusingizia. Wakituingiza uwanjani, mpira wa kwanza utakaopita katikati nitamwachia mdogo wako. Akiukosa, sitasema kitu.

Ni mimi,
Tekla