Papa, Kodeki Ilipoizoea Sauti Yako

Papa wangu,

Nakumbuka siku tuliyofunga antena ya waya juu ya paa hapa Kisangani, kabla hujahamia Yangambi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Rezo, mtandao wa simu, huko ilikuwa ya kubahatisha, ndiyo maana tukashika redio ya kuitana. Kila jioni ulinisimulia migomba yako. Mimi nilikuambia nimepika lituma, ndizi zako za kuponda, nawe ukalalamika kwamba harufu haipiti hewani.

Kisha ukaugua koo. Ulipopasuliwa, sauti ikabaki nyembamba, ya kukwaruza, na kelele za hewani zikaimeza. Nikatuwekea kodeki, ile programu huru inayobana sauti ya mtu kuwa namba chache, zisafiri kwa redio, kisha upande wa pili iijenge upya sauti hiyo. Nilidhani itatuokoa. Kilichonifikia kilikuwa milio tu, kama bata ndani ya ndoo.

Rezo iliporudi, uliniandikia kwenye simu, ukiniita Mama kama ulivyozoea kumwita binti yako: "Mama, acha tu. Mashine imenikataa."

Papa, neno hilo lilinichoma. Programu ilizoea makoo mazima. Ilitafuta mtetemo uliotulia, kwako haikuupata, basi ikajibunia wake. Lakini msimbo wake uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha bila kuomba ruhusa. Nikaomba unirekodie sauti. Ukahesabu kwa Kiswahili na Lingala, ukakohoa, ukacheka, ukazituma rekodi hizo kwa boti. Kila nikitoka kazini nilizisikiliza, nikabadilisha, nikaharibu, nikaanza tena.

Ilipokubali, nikakutumia programu mpya kwa boti, halafu jioni moja nikakuita. Mara:

"Mama, miye niko. Lituma iko?"

Nililia hadi nikashindwa kubonyeza kitufe cha kusemea.

"Mama? Imenikataa tena?"

"Hapana, papa. Nakusikia. Sema tu."

"Bon, sawa. Alors, nitasema."

Ukasema mpaka betri yako ikazimika.

Tulipata msimu mmoja tu wa kuongea hivyo. Ugonjwa ulirudi, nikapanda boti kuja kukuzika.

Mabadiliko yale niliyaweka mtandaoni, kila mtu ayachukue. Leo mtu wa nchi ya mbali ameniandikia. Mama yake alipasuliwa koo kama wewe, na sasa anamsikia redioni, neno kwa neno. Nilisimama kwa furaha, mkono ukaenda wenyewe kwenye kipaza sauti ili nikuambie. Ndipo nikakumbuka.

Mume wangu akauliza, "Kuko nini?"

"Mambo ya redio," nikamjibu. Akarudi kwenye chakula chake. Si kosa lake. Ningeanzia wapi kumweleza?

Nimeketi tena, papa. Nina habari njema kuliko zote nilizowahi kupata, na hapa nyumbani hakuna mtu wa kumpa.

Pumzika vizuri.

Ni mimi, binti yako.